Akidaka ni mjukuu wa Mazengo, akifungwa ni Mzungu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni Mgogo wa Mvumi, ninaishi Kikuyu hapa Dodoma, na mume wangu ni Mtaliano aliyekuja nchini kuchimba visima. Mtoto wetu wa kwanza, mwenye miaka 16, ni golikipa wa timu ya mkoa ya shule za sekondari. Katika nusu fainali alidaka penalti mbili, wakambeba mabegani wakiimba kwamba ni mjukuu wa Mazengo, yule mtemi wa zamani wa Wagogo. Siku mbili baadaye, kwenye fainali, alipigwa tobo, na watu wale wale, wengine wakiwa wateja wangu wa vitumbua, wakapiga kelele: "Mtoeni Mzungu, tuleteeni wa kwetu!" Sasa imekuja fomu ya kujiunga na kituo cha kukuza vipaji, naye anataka aandikwe kwa jina la baba yangu badala ya la baba yake. Mume wangu amenyamaza tu. Je, nimruhusu?
Mama Golikipa, Kikuyu

JIBU: Marahaba, mama. Fomu ijazwe kama cheti chake cha kuzaliwa kinavyosomeka, kwa sababu jina likipishana na cheti hicho na usajili wake wa mitihani, kijana atahangaikia viapo na mihuri kwa miaka. Lakini hata kama karatasi zisingekuwa na tatizo, bado ningekushauri usimruhusu kwa sasa, na mfano wangu nautoa Japani.

Mcheza tenisi Naomi Osaka alizaliwa Japani kwa mama Mjapani na baba kutoka Haiti, na wazazi wake waliamua atumie jina la ukoo wa mama ili maisha ya huko yawe mepesi. Yaani alifanyiwa mapema kile kile anachokitaka mwanao leo. Mwaka 2018 alimshinda Serena Williams katika fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani, akawa Mjapani wa kwanza kutwaa taji kubwa la tenisi la mchezaji mmoja mmoja, na Wajapani wakamshangilia kama binti yao. Tarehe 23 Julai 2021 akapewa heshima ya kuwasha moto wa Olimpiki jijini Tokyo. Siku nne baadaye alitolewa raundi ya tatu na Markéta Vondroušová wa Cheki, na mara wakazuka watu mitandaoni wakihoji kwa nini moto ule uliwashwa na mtu ambaye Kijapani chake kinachechemea. Kijapani hicho kilikuwa vile vile siku ya kuwasha moto. Na jina lilikuwa la Kijapani hasa, tena la mama, wala halikumkinga.

Mesut Özil naye alizaliwa Gelsenkirchen, Ujerumani, katika familia yenye asili ya Uturuki, akatwaa Kombe la Dunia mwaka 2014. Julai 2018, baada ya Ujerumani kutolewa katika hatua ya makundi huko Urusi, aliachana na timu ya taifa akiandika kwamba wakishinda yeye ni Mjerumani, wakishindwa ni mhamiaji. Ni kweli kwamba picha aliyopiga na Rais Erdoğan wa Uturuki iliwaudhi wengi, na walikuwa na haki ya kumkosoa kwa picha hiyo. Kumfanya mgeni katika mji aliozaliwa ni jambo jingine.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Jukwaa lenu limeupindua usemi huo: mtu hucheza kwanza, na matokeo ndiyo yanayoamua kama pale ni kwao. (Hata neno chotara hugeuka hivyo. Pale soko la Majengo, kuku chotara na mbegu chotara ya mahindi hutajwa kwa majivuno na kwa bei ya juu; likifika uwanjani, neno hilo hilo linakuwa tusi.) Nami sijitoi, kwa maana nimewahi kukaa Uwanja wa Jamhuri nikapiga kelele ambazo nisingependa mama wa mchezaji azisikie.

Kosa la mwanao lisemwe, kwa kuwa golikipa aliyepigwa tobo hakufunga miguu, na kocha amfundishe hilo. Wateja wako wa vitumbua nao waambie kwa upole, wakiwa wamesimama mbele ya karai, kwamba yule Mzungu waliyetaka atolewe ni mwanao. Sidhani kama watarudia.

Akiota jezi ya Taifa Stars, ulizieni mapema suala la uraia katika ofisi ya uhamiaji, kwa kuwa sheria yetu ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, naye pengine anao wa Italia pia. Hilo lina uzito kuliko jina.

Kinachonisumbua zaidi katika barua yako ni ukimya wa mumeo. Mtoto akiomba kulifuta jina la baba na baba asiseme neno, atadhani hata mwenyewe analiona ni mzigo. Mwombe aketi naye jioni moja amweleze jina hilo lilitoka kwa nani na watu wake walikuwa wakifanya kazi gani, na babu wa Mvumi awepo, kama afya inamruhusu. Fomu ijazwe baada ya kikao hicho.