Kumnyima mama sukari hakuui uvimbe wake

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi niko Langoni, Lamu. Mamangu ana miaka 61 na huu ni mwezi wa pili anatibiwa saratani ya titi Mombasa, kwa ile dawa nyekundu ya mshipa. Kakangu ametumiwa sauti kwenye WhatsApp inayosema saratani ni seli zilizoshindwa kuvuta hewa, kwamba haili kitu ila sukari, na kwamba kuna Mjerumani alipewa Nobel kwa kuligundua hilo. Tangu siku hiyo mama amekatazwa wali, mahamri, tende, ndizi, hata uji. Kwa wiki 5 ameshuka kutoka kilo 64 hadi 58. Kakangu anasema huo ni uvimbe unaokufa njaa. Je, kuna ukweli? Na saratani huanzia kwenye jeni au kwenye namna seli inavyotumia sukari?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya sayansi, tuzungumze kilo. Kilo 6 kati ya 64 ni zaidi ya 9 kwa mia. Kilichopungua pale kwenye mizani ni misuli na mafuta ya mamako, na hilo limenishtua. Mimi ni mfamasia hapa Malindi, na dozi za kemo, yaani dawa za saratani kama hiyo nyekundu, tunazipigia hesabu kwa urefu na uzito wa mgonjwa. Mtu akipungua kiasi hicho, hesabu ya mwanzo haimfai tena. Kwa hiyo usingoje tarehe ya kurudi. Wapigie simu Mombasa leo, uwatajie kilo hizo mbili, 64 na 58.

Sasa hiyo sauti. Imebeba ukweli ndani yake, ndiyo maana inashika watu.

Mjerumani huyo ni Otto Warburg. Miaka ya 1920, Berlin, alikata vipande vyembamba vya uvimbe, akaviweka ndani ya chupa za kioo na kupima hewa iliyoingia na kutoka. Seli ya kawaida ikipata oksijeni huichoma glukosi, yaani sukari ya damu, mpaka mwisho, ndani ya vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Zile za uvimbe zilimeza glukosi nyingi kupita kiasi, zikaivunja nusunusu na kutoa asidi ya laktiki, ingawa oksijeni ilikuwepo. Wewe unaijua kazi hiyo jikoni. Unga wa mahamri huumuka kwa sababu hamira inachachua sukari. Seli za saratani nazo huchachua, ila zao hutoa asidi badala ya gesi na kileo.

Warburg alipata Nobel kweli, mwaka 1931, lakini ilikuwa kwa utafiti wa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) kinachoiwezesha seli kutumia oksijeni. Hakupewa kwa kugundua chanzo cha saratani. Yeye mwenyewe aliamini kwamba saratani huanza pale mitokondria zinapoharibika, na mwaka 1956 bado alikuwa akilitetea wazo hilo kwa nguvu. Hapo ndipo alipokosea. Katika saratani nyingi mitokondria ziko hai na zinafanya kazi, na uvimbe unazihitaji. Mwaka 2015 watafiti walichukua seli za saratani ya titi ya panya zilizoondolewa DNA ya mitokondria, wakazipandikiza kwa panya wazima. Zilichelewa sana kuota. Zile zilizofanikiwa zilikuwa zimejipatia mitokondria kutoka kwa seli za yule panya.

Kama mitokondria zi nzima, mbona seli inachachua? Glukosi moja ikichachuliwa inatoa vipimo 2 tu vya nishati, na ikichomwa mpaka mwisho inatoa kama 30. Inaonekana ni hasara tupu. Lakini wewe ni mtu wa Lamu, umewaona mafundi wa Matondoni wakiunda jahazi. Gogo ukilichoma lote utapata joto jingi, na asubuhi utazoa majivu. Fundi hulipasua: huku mkuku, huku mataruma, huku mbao za ubavuni, na vipande vinavyobaki huchemshia kahawa. Seli inayogawanyika usiku na mchana inaunda seli nyingine nzima. Inahitaji malighafi za DNA, mafuta ya kuta zake na protini, na sehemu ya malighafi hizo huchepushwa njiani, glukosi inapovunjwa kabla haijafika kwenye moto. Kwa nini inatupa laktiki nyingi hivyo, wataalamu bado wanabishana. Ila jambo la kuunda halina ubishi, na hata seli zako za kinga zikizaliana haraka kupigana na homa hufanya vilevile.

Je, ni jeni au umetaboli, yaani namna seli inavyotumia chakula chake? Mara nyingi jeni ndizo nahodha. Jeni ziitwazo RAS, MYC na PIK3CA zikiharibika huiamuru seli ifungue milango ya glukosi hata kama hakuna aliyeiagiza ikue. PIK3CA imebadilika katika karibu 40 kwa mia ya saratani za titi zinazotegemea homoni, kwa hiyo jambo hili liko karibu na nyumbani kwenu. Lakini kuna saratani chache ambako mambo huanzia upande wa pili, na mimi hizo hunisisimua kuliko zote. Mwaka 2008 iligunduliwa kwamba baadhi ya uvimbe wa ubongo una hitilafu katika kimeng'enya kiitwacho IDH1. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba kimeng'enya hicho kibovu hutengeneza kemikali isiyotakiwa, ambayo hujazana na kuvuruga alama zinazoiambia seli jeni ipi isomwe na ipi ifungwe. Seli inabaki changa, haikomai. Yaani kosa la umetaboli linageuka kuwa kosa la usomaji wa jeni. Tangu 2018 Marekani imeidhinisha ivosidenibu, kidonge kinachokizuia kimeng'enya hicho kwa wagonjwa wa lukemia (saratani ya damu) wenye hitilafu hiyo.

Tiba za aina hii si ngeni. Mwaka 1948, Boston, Sidney Farber aliwapa watoto wenye lukemia dawa inayozuia kazi ya asidi ya foliki, ambayo seli huihitaji kutengeneza DNA. Baadhi yao wakapata nafuu, japo ya muda. Ndugu wa dawa ile, methotreksati, tunaitumia hadi leo. Watoto wenye lukemia hupewa pia asparajinasi, inayoondoa kwenye damu asparajini, mojawapo ya malighafi za protini. Seli zao nyingi za kawaida hujitengenezea asparajini, za lukemia haziwezi za kutosha. Hiyo ndiyo njaa inayoua saratani: kitu kimoja, ambacho adui hawezi kujitengenezea na mgonjwa anaweza.

Sukari haina tabia hiyo. Mamako asipokula wali, ini lake litatoa glukosi ya akiba. Akiba ikiisha, litaitengeneza kutoka kwa protini za misuli. Mwili haukubali sukari ya damu ishuke chini sana, kwa sababu ubongo unaihitaji. Kwenye kipimo cha PET, kinachofanyika Nairobi, mgonjwa hudungwa glukosi yenye alama ya mnururisho, na uvimbe hung'aa kwenye picha. Picha hizo hutumwa sana kama ushahidi kwamba saratani inakula sukari. Mwenye kuzituma aitazame picha yote: ubongo nao unang'aa. Basi uvimbe utapata glukosi yake, na atakayelipa ni paja la mama na mkono wake. Tena uvimbe hautegemei sukari peke yake. Hula glutamini, malighafi nyingine ya protini, hula mafuta, na seli zingine hula hata ile laktiki ya jirani zake.

Watu huniuliza pia kuhusu metformini, dawa ya kisukari. Ilijaribiwa kwa uzito kwa wagonjwa 3,649 wa saratani ya titi wasio na kisukari, na majibu ya 2022 yalionyesha kwamba haikuzuia ugonjwa kurudi. Usimnunulie. Chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana nacho kinachunguzwa. Kwa panya kiliwahi kuongeza nguvu ya dawa zinazozuia njia ya PIK3CA, lakini katika utafiti huohuo, kikitumika peke yake, kiliharakisha lukemia.

Kakako hakukosea kabisa kuiogopa sukari. Unene na insulini nyingi huongeza hatari ya saratani ya titi kwa mama aliyekoma hedhi, na soda hazina la maana mwilini. Lakini hilo ni la miaka kabla ya ugonjwa. Mgonjwa aliye katikati ya kemo ana hesabu nyingine. Mwambie kwa upole, maana naye anampigania mamake.

Mamako anahitaji protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo yake kwa siku. Kwa kilo 58 ni kama gramu 58 hadi 87. Mayai mawili asubuhi, kipande kizuri cha changu mchana, mbaazi za nazi na maziwa jioni, mtafika. Wali umrudie, uji umrudie, tende pia. Kichefuchefu kikimzidi, mpe kidogokidogo kila saa mbili, na kilichopoa kuliko cha moto, kwa sababu harufu ya mvuke huwachafua wengi. Uulize kama amepimwa sukari tangu aanze matibabu, kwani sindano ya kuzuia kutapika mara nyingi ina steroidi, nayo hupandisha sukari. Akionekana ana kisukari, mtapewa mpango mwingine wa chakula.

Mpime kila Jumamosi asubuhi, mizani ileile, kabla hajanywa chai, uandike kwenye daftari. Siku mkivuka Mokowe kwenda Mombasa, mwende nalo, na kabla dawa haijachanganywa mwonyeshe mfamasia.