Skrubu Zilizoganda Katika Mashine ya Kale ya Sarafu

SWALI: Nina mashine ya kale ya kuchezea kwa sarafu, iliyotengenezwa Marekani kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Bamba lake la mbele ni la alumini na limeshikwa na skrubu sita za chuma. Nne zimetoka, ya tano haitikisiki, na ya sita kichwa chake kimeanza kumeguka. Fundi ameniambia nizitoboe zote mbili kwa drili. Nifanyeje?

JIBU: Tafadhali usizitoboe kwanza. Viwango vya nyuzi za skrubu, yaani ile mikato inayoizunguka, ambavyo Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana kuvitumia kwa pamoja ni vya mwaka 1948, na mashine yako ni ya kabla ya hapo, kwa hiyo yawezekana usipate dukani skrubu ya kuziba pengo la ile utakayoiharibu.

Anza na bisibisi. Ukitazama kwa karibu ncha ya bisibisi nyingi za kawaida, utaona kuwa imechongwa kama kabari. Ukiizungusha kwa nguvu hupanda juu na kung'oa kingo za mfuo, yaani ule ufa wa kichwani mwa skrubu unaoingia bisibisi, na nina hakika hivyo ndivyo ile ya sita ilivyoumia. Inoe ncha kwa tupa hadi pande zake mbili ziwe sambamba, ijaze mfuo kwa upana na kwa unene, na isicheze hata kidogo. Kazi hii huchukua nusu saa, nami naiona kuwa na faida kuliko dawa yoyote ya kutu. Kabla ya kuitumia, kwangua uchafu wote ulio ndani ya mfuo kwa sindano.

Kisha tia tone la mafuta ya kulegeza kutu, gonga kichwa cha skrubu taratibu kwa nyundo ndogo ili mafuta yashuke, uiache hadi kesho na urudie. Chuma kikikaa ndani ya alumini penye unyevu, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe unaobana nyuzi, na unga huo haulegei kwa siku moja.

Mafuta yakishindwa, tumia joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo ukilipasha bamba kuizunguka skrubu, tundu hupanuka kuliko skrubu yenyewe. Futa mafuta yote kwanza, kwa kuwa yanashika moto, na utumie hewa ya moto badala ya mwali ikiwa rangi ya asili ingalipo. Sehemu ndogo za aloi ya zinki usizikaribie kabisa, maana zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 za Selsiasi, na aloi zake huyeyuka mapema zaidi. Bamba likiwa bado na joto, kaza skrubu kidogo, kisha ifungue. Ukisikia mlio mfupi mkavu, ujue imeachia.

Ile iliyomeguka ichongee mfuo mpya kwa msumeno mwembamba wa chuma. Hiyo ikishindikana ndipo utoboe, tena katikati kabisa, kwa keekee (ncha ya drili) inayokata kinyume na mwendo wa saa, kwani mara nyingi skrubu hutoka nayo.

Wakati wa kuzirudisha, paka grisi kidogo kwenye nyuzi, zungusha kila skrubu kinyume hadi uisikie ikidondokea katika njia yake ya zamani, ndipo uikaze.