Kipandauso na mitishamba: maswali yenu

*Kila mwezi kipandauso kinanilaza siku mbili. Nikinywa tangawizi kila siku kitakoma? (Dada wa Tanga)*

Pole sana, dada. Kichwa kikianza kugonga na kichefuchefu kikapanda, tangawizi hutuliza tumbo. Kukizuia kisije ni jambo jingine. Watafiti wa Brazil waliwapa wagonjwa vidonge vya tangawizi mara tatu kwa siku kwa miezi 3, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Makundi yote mawili yalipata nafuu ileile. Kwa hiyo inywe siku ya kichefuchefu.

*Mdogo wangu ametuma kutoka Marekani kopo lililoandikwa "Butterbur". Nianze?*

Usianze, nakusihi. Mmea huu una sumu asilia zinazoumiza ini, na si kila mtengenezaji anayeziondoa ipasavyo. Mwaka 2012 madaktari wa neva wa Marekani waliupendekeza kwa kuzuia kipandauso, na kweli ulisaidia wengi. Mwaka 2015 chama chao kiliondoa pendekezo hilo kwa kuhofia madhara kwenye ini. Kama umeshameza, acha. Ukiona macho yamegeuka njano au mkojo umekolea kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo, na ulibebe kopo lenyewe.

*Na "Feverfew" je?*

Mmea huu nao hupunguza mashambulio kidogo tu: kwa wastani, kwa mwezi hata shambulio moja zima halipungui. Wanaotafuna majani yake mabichi hupata vidonda mdomoni. Mjamzito asiiguse, wala anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na aliyeizoea asiikatishe ghafla, kichwa hurudi kwa nguvu.

*Nanywa unga wa mlonge na parasetamoli kila siku, bado kinauma. Niongeze mlonge?*

Mlonge ni mboga nzuri, kula. Ninachokihofia mimi ni hiyo parasetamoli, kaka. Dawa ya maumivu ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, yenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Chukua daftari, andika kwa mwezi mzima: siku kilipouma, ulilala saa ngapi, ulikula nini, ulimeza nini. Mpelekee daktari. Zipo dawa za kuzuia zisizo ghali, kama propranolol na amitriptyline. Ila kama una pumu mwambie mapema, maana propranolol inaweza kukubana kifua.