Video za kuhamasisha kazini, zinasaidia?

Mkuu umeuliza kama kuwawekea wafanyakazi hizi video za TED, zile hotuba za mtandaoni za watu wanaoelezea mawazo yao, kunawafanya waongee kweli au ni kupoteza muda, inategemea unaweka ipi na nani anaanza kuongea. Kwetu huku Nyakato, Mwanza, kiwanda cha samaki, bosi alikuwa anatuwekea maspika wa zile dakika 18 za Kiingereza kigumu watu wanasinzia kwenye viti vya plastiki, ikiisha anauliza "mmejifunza nini?" kimyaaa. Siku kaweka ya William Kamkwamba, yule dogo wa Malawi aliyeunda kinu cha upepo cha kufua umeme kwa vyuma chakavu na vipande vya baiskeli, aliongea Arusha 2007 na ni fupi tu, aisee haijaisha fundi wa majokofu kadakia "mbona sisi mota ikiungua tunatupa?" ubishi ukawaka hapo mpaka supavaiza kasahau chai yake. Kwahiyo tafuta fupi, isimamishe katikati uulize kitu cha kazi yenu yenyewe, na bosi akae nyuma anyamaze, akianza yeye imeisha hiyo. Halafu ipakue mapema, bando la ofisi litakuaibisha mbele za watu.