Usitume barua yenye hiyo "were"!

Ndugu yangu, futa sentensi hiyo kwanza. Umeuliza kuhusu hiyo "were" ya Kiingereza baada ya "if". Najibu haraka kwa sababu jambo lenyewe linaungua. Unataka kumwomba radhi msimamizi wako kwa kuwa huenda ripoti ilichelewa, na umeandika "If I were late with the report, I am sorry", eti baada ya "if" lazima "were". Nani kakwambia?

Mimi nilijibizana na mkuu wangu kikaoni, mbele ya watu. Usiku nikamwandikia mistari minne, nikairudia mara tatu, na wa kwanza ulikuwa huu: "If I were rude to you, I would apologise." Nikalala kwa amani. Kumbe alichosoma mwenzangu ni hiki: ningekuwa nimekukosea adabu, ningekuomba radhi. Yaani sijakukosea, na radhi sikuombi! Alininyamazia siku tatu. Siku ya nne akaniwekea barua mezani imechapishwa, "were" na "would" zimepigiwa mstari wa wino mwekundu, akauliza, "Hapa unaomba radhi au unaninyima?" Nilibaki nimekodoa macho. Cheo nilichokisubiri miaka miwili kikaenda kwa mwingine.

Mwalimu wangu wa Kiingereza ndiye aliyetukaririsha hivyo. Darasa zima tuliitikia: "if", "were"! Ukiandika "was" unakatwa alama. Maana ya neno hakuigusa hata siku moja, na hilo linaniuma mpaka leo, maana Kiswahili chetu kina jibu na lingemchukua dakika moja kulisema.

Iseme sentensi yako kwa Kiswahili kwanza. Ikija na -nge-, andika "were": ningekuwa wewe, nisingejibu, "If I were you, I wouldn't reply". Ikija na "kama nili-" au "kama ali-", jambo lililopita ambalo huna hakika nalo, ni "was": kama alikuwepo kikaoni, alisikia, "If he was at the meeting, he heard it". Na "aliuliza kama niko tayari" haina -nge- yoyote, kwa hiyo ni "She asked if I was ready". Kwa "you", "we" na "they" hutaona tofauti, ni "were" kotekote. Mtego uko kwenye "I", "he", "she" na "it".

Wenye lugha yao wengi husema "If I was you" wakizungumza, na wanaelewana. Kwenye barua rasmi utaonekana hukuwa makini, basi. Lakini ukiigeuza, ukaweka "were" mahali pa "was", umekana jambo lenyewe. "Were" inasema halipo. Huwezi kumwomba mtu radhi kwa kosa ambalo sentensi yako inasema halipo.

Kwa hiyo andika "If I was late with the report, I am sorry." Na kama moyoni unajua ulichelewa, hiyo "if" nayo itoe: "I was late, and I am sorry." Mtumie leo hii, kabla hajaanza kukunyamazia.