Maswali yenu: seli za T na vipande vya mwili wako mwenyewe

Maswali ya imuniti, yaani kinga ya mwili, yamekuwa mengi, nimechukua machache kuhusu seli za T, zile seli nyeupe za damu za kupigana na magonjwa.

Kondele, Kisumu: Seli za T zinafunzwaje, ni kama soja wa ploti anaonyeshwa picha za wezi?
Zii, anaonyeshwa picha za wapangaji tu, mwizi hata mmoja hajawahi kumwona. Seli changa zinatoka kwa uboho zinaenda kwa thaimasi, hiyo tezi iko nyuma ya mfupa wa kifua juu ya moyo, na kila moja inajitengenezea kipokezi chake, yaani mkono wa kushikia, kwa kubahatisha tu. Huko zinaonyeshwa peptidi, yaani vipande vidogo vya protini zako mwenyewe, vimebebwa na molekuli za HLA, zile za kuonyesha vipande hivyo juu ya seli. Seli isiposhika kitu inakufa, ikishika kwa nguvu sana mara nyingi inauliwa pia ju ingekuja kukugeukia, ile ya kushika kidogo tu ndio inapita, na zinazopita hazifiki hata 5 kwa mia. Watu wanadhani kazi ya thaimasi ni kuchuja wabaya peke yake, lakini bila hizo peptidi zako hata hao wazuri hawangekuwepo.

Nakuru: Kama thaimasi inaonyesha protini za mwili, insulini si ni ya kongosho, inaitoa wapi?
Inatengeneza yake kidogo. Jeni moja inaitwa AIRE inafanya seli fulani za thaimasi zitoe protini za viungo vingine. AIRE ikiharibika, seli hatari zinaponyoka, mwili unaanza kushambulia tezi zake. Na watu ambao thaimasi yao hutoa insulini kidogo, hatari ya kisukari aina ya 1 iko juu.

Busia: Hizo za kushika kwa nguvu zote zinakufa?
La, zingine zinageuzwa kuwa seli za kutuliza wenzao. Mtafiti wa Japani, Shimon Sakaguchi, alizionyesha 1995, na 2025 yeye na watafiti wenzake Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapewa Nobel.

Siaya: Ni ukweli kuna watu wanaishi na HIV miaka mingi bila ARV na hawaumwi?
Wapo, wachache sana, na baadhi yao wako na HLA-B57, aina moja ya zile molekuli za HLA. Mwaka 2010 watafiti walisema, kwa modeli ya kompyuta, kwamba B57 inabeba aina chache za peptidi za mwili, kwa hivyo seli chache zinauliwa kwa thaimasi na zinazobaki zinaweza kushika virusi hata vikijibadilisha kidogo. Mimi napenda hilo wazo sana, lakini hiyo si kila kitu, na kuna wenye B57 wanaumwa kama wengine, so tafadhali usiache dawa ukijipima bahati. Na kuna aina moja ya hiyo B57, 57:01, ambayo inaweza kuleta aleji kali ya abakavia, moja ya dawa za HIV, ndio maana kuna nchi wanapima kwanza kabla mtu apewe.

Kakamega: Kuna juisi inauzwa hapa stage eti inafufua thaimasi, nichukue?
Wacha. Thaimasi ya kila mtu inasinyaa polepole na kugeuka mafuta, na seli zilizopita zamani zinaendelea kuishi kwa kusaidiwa na kuguswaguswa na zile peptidi zako. Hiyo pesa nunua omena.