Kitunguu thomu na jeni tulizorithi

SWALI: Assalaam alaikum. Mama yangu mkubwa ana shinikizo la damu, kama alivyokuwa nalo marehemu bibi. Ameambiwa kwamba kitunguu thomu hubadilisha jeni na kuondoa maradhi ya kurithi, na tangu hapo kila asubuhi humeza punje nzima kwa maji, na vidonge vyake amevipunguza bila kumwambia daktari. Je, ni kweli?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaikumu salamu. Kwanza tafadhali mpeleke kwa daktari wake upesi, kwani shinikizo la damu hudhuru hata pale mgonjwa asipohisi lolote.

Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya seli, na chakula hakiyafuti. Kinachoweza kubadilika ni kiasi ambacho agizo fulani hufanya kazi kwa wakati fulani. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walieleza jaribio la watu 17 waliokula mkate na siagi pamoja na gramu 5 za thomu mbichi iliyopondwa, na siku nyingine wakala mlo huohuo bila thomu. Damu yao, ilipopimwa saa 3 baada ya kula, ilionyesha kwamba thomu ilizidisha utendaji wa jeni 7 zinazohusika na kinga ya mwili na saratani. Jambo hilo linanivutia sana, lakini halimaanishi kwamba kuna ugonjwa uliopona, sembuse wa kurithi.

Kumeza punje nzima nako hakumfaidi sana. Ndani ya thomu, kemikali iitwayo aliini na kimeng'enya chake, yaani protini inayoigeuza, hukaa mbalimbali mpaka mchi uiponde. Hapo hukutana na kuzaa alisini, ambayo ndiyo ile harufu kali inayofumka kinuni na kuganda vidoleni hata baada ya kunawa. Asidi ya tumbo hukizima kimeng'enya hicho, na moto vilevile. Kwa hiyo anapotengeneza mchuzi wa samaki, aitwange thomu, aiache kinuni dakika 10, ndipo aitie sufuriani.

Tafiti kadhaa zimeona thomu ikishusha kidogo shinikizo la damu kwa wenye ugonjwa huo, nami naipenda chakulani, lakini haishiki nafasi ya dawa. Tena, ikiliwa kwa wingi hupunguza kuganda kwa damu. Basi kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anatarajia upasuaji, amweleze daktari ni punje ngapi anazokula kwa siku.